Nyumba Tupu Yenye Mtu Ndani

Sehemu ya tisa

Kama umefika wiki hii bila mwenye nyumba wako kukuandikia barua, mshukuru Mungu na usitangaze, maana kuta zina masikio na wenye nyumba wana binamu kila mahali. Sisi turudi pale tulipomwacha Bi Jedwali: mkono juu ya kitasa, ufunguo umeshazunguka, na ndani ya fleti namba tatu, ambayo dalali aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni tupu, mtu akakohoa.

Bi Jedwali hakukimbia. Si kwamba ni shujaa. Alikuwa amekwisha kulipa ada ya kuonyeshwa nyumba, na aliyelipa ada hiyo hakimbii kabla ya kuona choo.

Alisukuma mlango.

"Karibu!" sauti ikamlaki. "Ila usiguse ukuta, rangi mbichi."

Katikati ya sebule, juu ya kopo la rangi lililogeuzwa kuwa kiti, alikaa mwanamume mwenye ovaroli nyeupe na brashi mkononi. Kando yake palikuwa na godoro lililokunjwa vizuri, birika, redio, na mche wa maua kwenye mkebe. Huyu alikuwa fundi rangi aliyehamia.

Bi Jedwali, kwa kuwa ameambiwa asiguse, akagusa. Ukuta ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi.

"Umepaka lini?"

"Mwezi wa pili."

"Huu ni mwezi wa tisa."

"Ndiyo maana nawaambia watu wasiguse," Fundi Rangi akasema bila aibu. "Wakigusa watajua."

Wewe uliyejiunga leo usione haya, sogea, nafasi ipo na hapa hatudai kilemba cha kuingilia. Bi Jedwali ni karani wa jarida linalotoka kila mwezi kuwaeleza watu mwenendo wa kodi za nyumba mjini. Yeye ndiye anayezunguka mitaani na daftari, anayeuliza bei, anayepanga jedwali, na anayetia saini chini yake. Mwezi uliopita jedwali lake lilisema kodi imepanda sana. Wiki iliyofuata alipata barua kutoka kwa mwenye nyumba wake: kodi yako imepanda, ukishindwa hama kabla ya Jumamosi, mwisho wa mwezi. Barua ilikuwa na kiambatisho cha ushahidi. Kiambatisho chenyewe kilikuwa jedwali lake, na saini yake ikitabasamu pale chini.

Na leo ni Alhamisi.

Angekuwa peke yake angepanga chumba popote, hata juu ya tangi la maji. Lakini yuko na mama yake. Mama, mkunga mstaafu, magoti yote mawili yamegoma, na wanakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Ngazi sitini na mbili. Miezi kumi na minne Mama hajashuka isipokuwa kwa kubebwa kwenda hospitali. Kaka mtu ameshasema kwamba Bi Jedwali akikosa nyumba, Mama atahamia kwake, ghorofa ya tano, kwenye stoo iliyoondolewa baiskeli. Bi Jedwali aliapa kwamba mama yake hatakwenda kukaa stoo. Alitaka nyumba ya chini, yenye mlango unaofunguka barabarani, na fleti namba tatu ilikuwa chini kabisa.

Turudi ndani.

"Kwa hiyo ukarabati utaisha lini?" aliuliza.

Fundi Rangi alimtazama kwa huruma. Tangu Jumatatu alikuwa hajaongea na kiumbe chochote isipokuwa mche wake, na mtu aliyekaa kimya siku nne haulizwi siri mara mbili.

"Dada, wewe umeshagusa ukuta, sasa nitakuficha nini? Hauishi. Mimi ni fundi wa kukaa. Mtu akija kuangalia, nanyanyua brashi. Namwambia rudi baada ya wiki mbili. Akirudi, bei imepanda."

"Na akikubali hiyo bei?"

"Hapo ndipo ninapogundua unyevu." Akanyoosha brashi kuelekea kona. "Ile kona ina unyevu mkali sana, hasa mtu akija na hela mkononi."

"Mwenye nyumba hataki kupangisha?"

"Hii? Hataki hata kusikia. Wala zile nyingine nane. Tuko mafundi tisa, dada, kila mmoja na fleti yake. Wawili wamekwisha oa humo humo."

Bi Jedwali alisogea ukutani. Macho yake yalikuwa yameona karatasi iliyobandikwa juu ya redio. Aliifahamu kabla hajaifikia, kama mama anavyofahamu kilio cha mwanawe. Lilikuwa jedwali lake, limekatwa vizuri kwa mkasi, na mistari tisa imezungushiwa kalamu nyekundu.

"Hilo," Fundi Rangi akasema kwa heshima, "mzee huniletea kila likitoka, nijue bei ya kusema. Yeye anapandisha bei za hizi tisa, jarida linaandika kodi imepanda, halafu anachukua jarida anakwenda nalo kwenye majengo yake yenye watu. Anawaambia, jamani, si mimi, ni soko." Akacheka. "Huyu anayeandika hapa ni mtu mwema sana kwa mzee. Sijui anamlipa kiasi gani."

"Hamlipi kitu."

"Bure?" Fundi Rangi aliweka brashi chini. "Mungu ambariki. Wajinga wa namna hiyo hawapatikani tena."

Aibu ilimpanda Bi Jedwali hadi masikioni. Kwa sababu ilikuwa kweli tupu, na alijua ilivyotokea. Ofisini kwake kulikuwa na sheria moja, aliyoitunga Mhariri mwenyewe: usimwulize mpangaji, maana mpangaji akiulizwa kodi analalamika, na malalamiko si takwimu. Uliza bei za nyumba tupu tu. Sheria nzuri, fupi, haina fujo. Ila nyumba iliyopata mtu inatoka kwenye orodha, na nyumba isiyopata mtu inabaki, mwezi baada ya mwezi, na bei yake inapanda kama mtoto anayelishwa vizuri. Miezi saba alikuwa akiwapimia watu soko kwa nyumba ambazo haziko sokoni. Na kila mwezi alilala usingizi mnono.

Kabla hajasema neno, mlango ulifunguliwa kwa kishindo.

"Dakika mbili! Si nilisema dakika mbili?"

Huyu ni dalali. Jina lake la kuzaliwa limesahaulika. Watu wote wanamwita Dakika Mbili, ambao ndio muda anaosema amebakiza kufika, awe yuko mtaa wa pili au bado yuko kitandani. Nyuma yake waliingia mume na mke, wamevaa kama wanakwenda harusini.

"Poleni, nyumba ina wateja wengi leo," Dakika Mbili akatangaza. "Hawa wako tayari kulipa miezi sita. Dada, kama unaitaka, sema sasa hivi, mambo ya soko haya."

"Tumeipenda sana!" mke akadakia, mikono kifuani. "Mume wangu, si tumeipenda?"

"Sana," mume akasema, akitazama dari.

Bi Jedwali alimtazama yule mke. Akamtazama tena. Mke akageuka, wakaonana, na tabasamu likamkauka mwanamke wa watu mdomoni.

Alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake wa tumbo moja. Na mume aliyesimama naye, mrefu, mwembamba, mwenye suti ya kukodi, kwa vyovyote vile hakuwa kaka yake. Kaka yake ni mfupi, mnene, na saa hizo alikuwa kazini akipima nondo.

"Samahani," Wifi akasema haraka, "naomba nione jiko."

"Hata mimi," Bi Jedwali akasema.

Jikoni Wifi alifunga mlango na kuuegemea.

"Wifi, nakusihi, usimwambie kaka yako."

"Nisimwambie nini? Kwamba una mume wa pili, au kwamba una nyumba ya pili?"

"Mume gani! Yule ni mwenzangu wa kazi. Kwani si niliwaambia nimepata kazi ya majengo?"

"Ulisema uko kwenye biashara ya majengo."

"Si ndiyo haya? Nashinda ndani yake kutwa nzima!" Wifi alikunja uso kama mtu aliyeonewa. "Kazi yenyewe nyepesi. Mteja akija, Dakika Mbili anatupigia simu, tunaingia, tunaipenda nyumba. Mteja akiona inapendwa, anaacha kubisha. Juzi nimezipenda nyumba tano kwa siku moja, mpaka nikaumwa kichwa."

"Na huyo mteja anayeachishwa kubisha ni nani, wifi?"

"Sijui. Watu tu."

"Ni mimi."

Wifi alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alinyamaza mpaka Bi Jedwali akaogopa kidogo.

"Sikujua ni wewe," akasema mwishowe. "Haki ya Mungu. Ningejua ni wewe ningeipenda kidogo tu."

Ndugu msomaji, kuna watu wanaosema undugu umekufa mijini. Si kweli, umepunguzwa bei tu.

Walipotoka jikoni, sebule ilikuwa imebadilika. Dakika Mbili alisimama wima kama mwanafunzi aliyekamatwa. Mume wa kukodi alikuwa amevua kofia. Fundi Rangi alikuwa akipaka ukuta mkavu kwa brashi kavu, kwa bidii iliyoleta machozi. Na mlangoni, amejaa, alisimama mwenye nyumba mwenyewe, yule yule aliyemwandikia Bi Jedwali barua ya kuhama.

Wapangaji wake humwita Baba Risiti. Ameitwa hivyo kwa sababu ile ile mtu mwenye upara huitwa Nywele.

"Binti yangu," akasema kwa upole, "nimeambiwa uko hapa. Kwa nini uhangaike na madalali? Si ungekuja kwangu?"

"Nilikuja kwako, mzee. Mara tatu. Uliniambia si wewe, ni soko."

"Soko ni soko." Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama anayemzungumzia marehemu. "Lakini mimi pia ni mzazi. Mama yako anaendeleaje na magoti?"

Bi Jedwali hakupenda jinsi alivyoyataja yale magoti.

"Nyumba hii ni ya chini," Baba Risiti akaendelea. "Haina ngazi hata moja. Mama atakaa hapo dirishani aone watu, apigiwe hodi na wapita njia. Nakupa. Kwa kodi ile ile unayolipa sasa. Mkataba miaka mitatu." Akapumua, kisha akatamka neno ambalo hakuna mpangaji aliyewahi kulisikia kutoka kinywani mwake. "Na risiti."

Dakika Mbili alishika ukuta asianguke.

"Na mimi nifanye nini?" Bi Jedwali aliuliza.

"Hakuna."

"Mzee, hakuna kitu cha bure kwenye soko."

Baba Risiti alicheka kwa raha. "Akili unayo. Leo mnachapa jarida, si ndiyo? Zile nyumba zangu nane zilizobaki, nimezipandisha kidogo. Andika bei ninayotaja. Basi. Sikuombi uongo, binti yangu. Nakuomba uendelee na kazi yako kama ulivyoifanya siku zote."

Hapo ndipo palipouma. Angeombwa kughushi, angekataa kwa sauti, angetoka na kichwa juu, na sisi tungekuwa na sehemu fupi sana wiki hii. Lakini mzee hakumwomba jambo jipya hata moja. Alimwomba awe yule yule aliyekuwa juzi.

"Nitafikiri," akasema.

"Fikiri, fikiri. Mtu anayefikiri sijawahi kugombana naye."

Bi Jedwali alitoka. Wifi alimkimbilia hadi barabarani, viatu vya harusi vikimgonga kisigino.

"Wifi, wewe kubali! Tena leo! Mama atakaa pazuri, na mimi stoo yangu..." Akajiuma ulimi.

"Stoo yako nini?"

"Nimeipangisha," Wifi akanong'ona. "Tangu Jumanne. Kwa bei ya kwenye jarida."

Ofisi ya jarida ni vyumba viwili juu na mtambo wa kuchapa chini. Saa sita mchana Bi Jedwali aliketi mezani, akatoa majarida ya miezi saba iliyopita, na akafanya jambo ambalo hakuna karani aliyewahi kulifanya katika ofisi ile: aliyasoma.

Nyumba tisa zilikuwepo katika kila toleo. Mtaa ule ule, vyumba vile vile, bei mpya. Nyumba za watu wengine zilitokea mwezi mmoja, zikapata wapangaji, zikatoweka. Zile tisa zilikaa palepale na kuota ndevu.

Akachukua rula. Akachora safu mpya pembeni mwa jedwali, akaiandika juu yake: *Miezi ambayo nyumba imekaa tupu.* Akaijaza. Sifuri, sifuri, moja, sifuri, saba, saba, saba. Kisha akaziondoa zile saba-saba kwenye hesabu, akapiga wastani upya. Akapiga mara ya pili, maana hakuamini mkono wake.

Kodi haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kidogo tangu mvua zianze, kwa sababu zilizo rahisi kabisa: majengo mapya matatu yalikuwa yamefunguliwa, na watu hawana hela. Lile soko lililochangamka, ambalo Mhariri amelisifia miezi saba mfululizo kwa herufi kubwa, lilikuwa mzee mmoja na makopo tisa ya rangi.

Alipeleka karatasi kwa Mhariri saa tisa unusu.

Mhariri ni mtu mstaarabu. Hajawahi kumkatalia mtu jambo maishani mwake. Huacha tu lisifanyike. Alisoma jedwali mara moja akiwa na miwani, mara ya pili bila miwani, akitumaini limebadilika.

"Umeandika kodi imeshuka."

"Imeshuka, bosi."

"Wasomaji wetu hawapendi neno hilo."

"Wasomaji wetu ni wapangaji. Wataliweka kwenye fremu."

"Wasomaji ni wapangaji, sawa. Lakini matangazo analipia nani?" Alipangusa miwani kwa tai. "Binti, hii safu mpya ya nini? Miezi ya utupu! Jedwali letu limekuwa zuri miaka yote, safu nne, safi."

"Safu nne safi zimenifukuza kwangu. Zimewafukuza na wengine."

Mhariri alitazama dirisha, akatazama dari, akatafuta msaada kwenye kalenda. Kisha uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata mlango wa nyuma.

"Sheria yetu inasema jedwali ni la karani. Saini chini ni yake, si yangu. Ukisaini, mtambo utawashwa. Usiposaini, tuna lile la mwezi uliopita, tunaongeza kidogo juu, tunachapa. Mimi sikulazimishi. Una mpaka saa kumi." Akachukua simu yake. "Natoka kidogo kuvuta hewa."

Alikwenda kuvuta hewa kwenye korido, na alipokuwa akiivuta Bi Jedwali alimsikia akisema, "Ndiyo, mzee. Hapana, mzee. Bado hajasaini, mzee."

Saa kumi kasoro dakika saba. Kalamu ilikuwa mkononi. Chini, mpiga chapa alikuwa ameshapiga kelele mara mbili, awashe au asiwashe?

Akainamisha kalamu. Simu ikaita.

"Mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Mama, na ilikuwa na kitu ambacho Bi Jedwali hakukisikia mwaka mzima uliopita. Mama alikuwa anacheka. "Mwanangu, unajua niko wapi?"

"Nyumbani, mama. Uko wapi tena?"

"Niko chini! Niko dirishani! Yule mzee wenu ameleta vijana wanne na mkokoteni. Wamenishusha na kiti changu kama bibi harusi, ngazi zote sitini na mbili, nilizihesabu. Na fundi mmoja wa rangi, kijana mzuri huyo, akanivusha kizingiti mwenyewe, akaniachia na ua lake. Mwanangu, kuna barabara hapa! Kuna mwanamke amepita na mtoto mgongoni, nikamwambia mtoto huyo ana homa ya meno, akasimama, tumeongea nusu saa!"

Bi Jedwali alikaa chini taratibu. Kumbe Baba Risiti hakungoja jibu. Alitoa zawadi kwanza, kama mvuvi anavyotanguliza chambo, na chambo chenyewe kilikuwa furaha ya mama yake.

Alitaka kulia. Alitaka pia kutupa kalamu dirishani na kwenda kukaa barabarani ile ile, pembeni ya dirisha lile lile, amsikilize Mama akiwatibu wapita njia.

"Mama," akasema, "usifungue mizigo."

Kicheko kikakatika.

"Nimeshaifungua. Sufuria ziko jikoni, kanga zangu ziko kabatini. Kuna nini?"

"Kuna jambo."

"Nilimwuliza yule mzee, mwanangu amekubali? Akaniambia, una mwana mwenye akili. Nikaona hilo si jibu, lakini niliona na mlango uko chini, nikanyamaza. Sasa niambie wewe. Amekuomba nini?"

Bi Jedwali alimwambia. Hakupamba. Alimweleza nyumba tisa, makopo tisa, saini moja kila mwezi. Alipomaliza, upande wa pili zilisikika sauti za barabara, kengele ya baiskeli, mtu akiuza kitu.

"Yule wa ghorofa ya pili," Mama akasema polepole, "mwenye mapacha. Aliyehama mwezi wa sita analia, akaniachia jiko lake."

"Ndiyo, mama."

"Alihama kwa mkono wako."

"Ndiyo, mama. Sikujua."

"Sikukuuliza kama ulijua." Kisha sauti ikalainika. "Sasa unajua. Saini."

"Mama, nikisaini watakutoa hapo. Leo leo. Na kule juu tumeshapoteza, Jumamosi mwisho. Na stoo ya kaka ina mtu. Mama, sina pa kukupeleka!"

"Sikiliza. Nimezalisha watoto miaka thelathini na moja. Wengine walitoka kwa shida, wengine kwa miguu, wengine usiku wa manane taa zimezima. Sijaona hata mmoja aliyerudishwa alikotoka." Mama alikohoa. "Saini, nisikie."

"Huwezi kusikia saini kwenye simu, mama."

"Basi niambie ukimaliza."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Mhariri alichungulia, simu bado sikioni, akamwonyesha saa ukutani. Uso wake ulikuwa na huruma nyingi sana, ile huruma isiyogharimu kitu.

Bi Jedwali aliandika jina lake. Safari hii hakuandika herufi mbili za haraka kama siku zote, aliandika jina lote, kubwa, mtu asije akadhani ni la mwingine. Akainuka, akampita Mhariri, akainama juu ya ngazi na kumrushia mpiga chapa karatasi.

"Washa!"

Mtambo ukanguruma, sakafu ikatetemeka. Mhariri alisema neno moja tu kwenye simu, akakata haraka.

"Nimesaini, mama."

"Vizuri. Sasa usikate, kuna watu wamefika hapa. Gari mbili zilizokuwa zikingoja pale kona. Yule mzee wako anakimbia, sikujua kama anaweza kukimbia."

"Mama! Usibishane nao! Nakuja!"

Akamsikia Mama akiwaita wapita njia wasogee dirishani, kisha, mbali, ufunguo ukiingia kwenye kitasa. Ukazunguka. Mlango ukasukumwa, ukagoma. Ukasukumwa tena, na sauti ya Baba Risiti, ambayo haikuwa tena ya mzazi, ikapiga kelele kwamba nyumba hii si ya kupangishwa, nyumba hii ina unyevu, mama toka nje.

Mama alisogeza simu pembeni. Alipozungumza alitumia ile sauti yake ya wodini, ile ambayo madaktari wenyewe walikuwa wakiiheshimu.

"Komeo nimelifunga kwa ndani, baba. Wewe ndiye uliyeniingiza, na magoti yangu hayajui kutoka. Sasa zunguka huku dirishani, na useme kwa sauti, watu wote hawa niliowaita wasikie: nyumba hii ni tupu, au ina mtu?"